Notisi ya Chumba cha Uani

Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa futi kumi na upana wa futi nane. Vipimo hivyo navijua kuliko vya chumba kingine chochote nilichopata kulala, ingawa mle sikulala hata mwezi mmoja. Baba alikijenga uani kwetu, katika mtaa wa Waafrika mjini Arusha, wakati mimi namalizia mwaka wa pili wa chuo kikuu kule Uganda, wala hakuniandikia kwamba anajenga. Nilishuka kwenye basi na sanduku langu la vitabu, mama akanipokea, na kabla sijakaa baba akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Hapa ndipo kwako," alisema.

Kuta zilikuwa za fito na udongo, zimepakwa chokaa, na paa lilikuwa la bati. Fahari yake ilikuwa mlango. Baba alikuwa seremala katika karakana ya Mhindi mmoja karibu na soko, na mlango ule aliuunga kwa vipande vya mbao za podo alivyoruhusiwa kuondoka navyo, kidogo kidogo, kwa miezi. Ukipitisha kidole juu yake hukujua kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Ndani aliweka kitanda, meza, na rafu ya vitabu ambayo aliipima kwa kukisia, maana hakuwahi kujua nina vitabu vingapi. Ilitosha.

Lazima nieleze kwa nini kilijengwa. Kwetu sisi watu wa Mlima Meru, kijana akishatahiriwa halali tena chini ya paa la baba yake. Huko juu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, jambo hilo halina taabu: unamkatia kijana miti, unamjengea pembeni. Lakini baba alikuwa mtoto wa katikati. Kihamba cha babu kilikwenda kwa wa kwanza na wa mwisho, kama desturi inavyotaka, na pa kupanua hapakuwapo, kwa kuwa chini yetu palikuwa na mashamba ya walowezi na juu yetu msitu wa serikali. Yeye akashuka mjini na msumeno wake. Kiwanja chetu kilikuwa ardhi pekee aliyopata kuwa nayo, na hata hicho alikuwa nacho kwa hati ya mwaka hadi mwaka. Likizo zote zilizotangulia nilikuwa nalala mlimani kwa baba mkubwa, nashuka mchana kuwaona wazazi wangu kama mgeni. Baba alichoka kuwa na mtoto mgeni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaamua kwamba desturi ile haina maana, na nilimwambia hivyo juma lile lile, tukiwa tunakula.

"Baba, nikilala ndani ya nyumba yako kitatokea nini hasa?"

"Hakitatokea kitu."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mwanamume na mimi ni mwanamume. Huko chuoni hawajawafundisha kuhesabu mpaka mbili?"

Mama alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Mimi sikucheka. Ndivyo nilivyokuwa, na sijui kama nimebadilika sana. Nilimwuliza mchungaji kwa nini Wazungu Walutheri na Waafrika Walutheri wana makaburi mbalimbali. Nilimwuliza baba mkubwa nani aliyeona kwamba mvua inaletwa na mlima. Hata hivyo usingizi niliolala ndani ya chumba kile, nikisikia bati likipoa baada ya jua, sijaupata mahali pengine. Hilo sikumwambia baba.

Nilikuwa nimekaa siku nane tu alipokuja msaidizi wa bwana afya. Alikuwa mtu wa Machame, mnene kidogo, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mtaani kutazama vyoo, madimbwi na majengo. Alikuwa na maneno mengi na watu walimpenda, jambo ambalo si la kawaida kwa kazi ile.

"Hodi wenyewe! Mzee, shikamoo."

"Marahaba, karibu."

Alitazama choo, akatazama mtungi wa maji, akageuka akakiona chumba.

"Hiki nacho kilizaliwa lini?"

"Mwaka huu huu," baba alisema.

"Kimebatizwa?"

Baba alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ramani, mzee. Kibali. Ofisini wanakijua?"

"Nimejenga uani kwangu."

"Uani kwako, ndiyo. Lakini ua uko ndani ya kiwanja, na kiwanja kiko ndani ya faili, na faili liko mezani kwa mkubwa wangu." Alitoa tepu, akanipa ncha moja niishike, naye akaivuta hadi kwenye ua wa jirani. "Futi nne. Sheria inataka kumi. Mlango mzuri, lakini. Nani fundi?"

"Mimi."

"Ungekuwa umejenga mlango peke yake nisingeandika kitu."

Aliandika. Notisi ilikuwa ya Kiingereza, karatasi moja yenye nafasi zilizojazwa kwa wino, nami nikaisoma kwa sauti nikiitafsiri. Ilisema jengo limejengwa bila ruhusa. Katika muda wa siku ishirini na moja mwenye kiwanja apeleke ramani ili ifikiriwe, au abomoe. Asipofanya hivyo ofisi itabomoa yenyewe, na hati ya kiwanja huenda isitolewe tena mwaka ujao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya mama akae kwenye kizingiti cha jiko.

"Si jambo kubwa, mama," msaidizi alisema. "Msomi mnaye ndani ya nyumba. Achore ramani ya karatasi moja, ailete, mimi nitaisukuma. Siku mbili yamekwisha." Akaniambia mimi: "Umesikia, bwana mdogo? Karatasi moja."

Nilisikia.

Baba alikaa akiwaza mpaka jioni. Kwake yeye kosa lilikuwa lazima liwe na mtu aliyekosewa. Mlimani ukijenga karibu mno na mpaka, unayemkosea ni jirani, na jirani ndiye unayemwendea. Basi asubuhi yake alivaa koti akaenda nyumba ya pili, kwa fundi cherehani mmoja wa Kirangi ambaye ua wake ulikuwa umepakana na kile chumba. Nilisikia sauti zao kwa juu ya ua.

"Nimekubana," baba alikuwa anasema.

"Umenibana wapi? Ukuta wako unanikinga upepo, mzee mwenzangu. Ongeza mwingine."

Alirudi amefurahi. "Yamekwisha," alisema. "Jirani amenisamehe."

"Baba, jirani hakulalamika."

"Nani amelalamika basi?"

"Hakuna mtu. Ni sheria."

"Sheria hiyo ni ya nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi katika likizo ile, na badala ya kulijibu nililichukua likawa langu. Nilikaa kwenye ile meza aliyonitengenezea nikaanza kuandika barua kwa ofisa wa mji. Niliuliza kwa nini mtaa wetu upimwe kwa futi wakati nyumba za Wazungu ng'ambo ya mto zinapimwa kwa ekari. Niliuliza mtu anawezaje kuvunja sheria ambayo hakuna aliyemsomea kwa lugha anayoijua. Nilifuta, nikaandika upya. Kila jioni baba alirudi kutoka karakana, akasimama mlangoni bila kuingia, akauliza:

"Unaandika?"

"Naandika, baba."

"Vizuri."

Alidhani naomba kibali. Niliyoyaandika yote naona hadi leo kwamba yalikuwa ya kweli. Lakini baba alihitaji mchoro wa karatasi moja, na mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na nilitumia majuma mawili kuandika kurasa kumi na moja kwa sababu nilitaka Mzungu mmoja ajue kwamba mtaani kwetu kuna mtu anayeweza kuandika vile.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Mwenye kiwanja afike ofisini siku ya Alhamisi asubuhi. Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa ya notisi.

Jumatano baba hakwenda kazini. Alipanda mlimani kwa miguu kabla hatujaamka na akarudi alasiri, amebeba kitu chembamba kilichofungwa kwenye gazeti. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu sikuuliza ni nini.

Ofisa wa mji alikuwa kijana, labda amenizidi miaka mitano, shingo bado nyekundu kwa jua. Hakuwa amemaliza miezi mitatu nchini na Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kumshukuru aliyeyaleta. Yule msaidizi wa bwana afya alikuwa ameketi kando ya meza ili atafsiri, ndivyo walivyozoea. Nilisema, kwa Kiingereza, kwamba mkalimani hahitajiki. Msaidizi akarudisha kiti chake nyuma kidogo akaweka mikono juu ya magoti.

Barua yangu ilikuwa mezani. Ofisa aliigonga kwa kidole akasema kwamba tangu afike hajapata barua iliyoandikwa vizuri kama ile. Akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akaniuliza kuhusu mwalimu fulani ambaye aliwahi kumsikia, nikamjibu, na nikamjibu kwa mzaha, naye akacheka. Baba alikuwa amesimama. Kiti kilikuwa kimoja na nilikikalia mimi.

Ndipo baba akasogea. Alifungua gazeti, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati, akaliweka kwa mikono miwili juu ya barua yangu. Akainamisha kichwa. Akasema kwa Kimeru, polepole, "Nimekosa. Naomba."

Lilikuwa jani la isale. Ni mmea wa mipakani kwetu, hupandwa pia makaburini. Mtu akimkosea mwenzake kosa ambalo maneno hayalitoshi, hufunga jani la isale fundo akalipeleka. Anayepelekewa anaweza kuwa na hasira, anaweza kutaka kulipwa, lakini hawezi kukataa. Nimesikia wazee wakisema kwamba hata damu imewahi kusamehewa kwa jani lile. Sijawahi kumwona baba akimpelekea mtu yeyote, kabla ya siku ile wala baada yake. Alikuwa ametembea mpaka kwenye kihamba ambacho hakukirithi akaliomba kwa kaka yake.

"Hiki ni nini?" ofisa aliniuliza.

Sikulazimishwa na mtu. Hakukuwa na muda wa kufikiri, lakini pia sikuutafuta. Niliona jani bichi juu ya Kiingereza changu, nikaona uso wa ofisa, uliokuwa unacheka nami vizuri dakika moja iliyopita, ukianza kubadilika, nikasema:

"Si kitu, bwana. Ni jani la kufukuzia inzi. Wazee wetu hupenda kutembea nalo."

"Aha," alisema ofisa. Akalishika kwa ncha, bila dharau yoyote, kama mtu anayesafisha meza yake, akalitia kwenye kapu la takataka lililokuwa miguuni.

Baba alilifuata kwa macho mpaka likatua. Kisha akavaa kofia yake, mle mle ndani.

Ofisa aliendelea kuzungumza. Alisema hana ugomvi na chumba. Futi nne anaweza kuziruhusu mradi ukuta wa upande wa jirani usiwe na dirisha, nao haukuwa nalo. Anachohitaji ni ramani ndani ya faili. Ila kesho anasafiri kwenda wilayani kwa majuma mawili, kwa hiyo ramani ifike leo kabla ya kufunga, naye ataitia sahihi hapo hapo. Nilimshukuru. Niligeuka nimtafsirie baba, na baba alikuwa amekwisha kutoka.

Nilimkuta barazani.

"Baba, tangulia nyumbani. Mimi namalizia karatasi."

"Karatasi gani tena?"

"Za chumba hiki hiki."

"Nimeona alivyojibu," alisema.

Hapo palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Ningesema, "Hakukataa, baba, hakujua ni nini." Lakini nyuma ya sentensi hiyo ilikuwapo nyingine, naye angeiuliza. Nikasema, "Tangulia tu. Nitakuja kukueleza." Akashuka ngazi, gazeti tupu amelikunja kwapani.

Msaidizi alinikuta nimekaa kwenye benchi, natafuta pa kuegemeza karatasi. Alikuwa amebeba rula na penseli, na hakunipa mara moja.

"Hata kwetu Machame kuna inzi," alisema. "Lakini hatuwafukuzi namna ile."

Nililaza karatasi juu ya goti.

"Ungeniachia kazi yangu, msomi. Mimi ningemweleza, hata kama angecheka. Acha acheke. Mzee angekuwa ameomba." Alitazama barabarani. "Ameondoka vibaya. Mfuate. Vipimo ninavyo kwenye faili, ramani nitachora mimi."

"Nitachora mwenyewe," nilisema.

"Haya." Akanipa rula.

Nilichora. Nilichora vizuri mno, kama mtu anayelipa kitu. Niliweka ukuta, mlango, kitanda ambacho hakikuhitajika kwenye ramani, na mshale wa kaskazini. Nilipokosea niliomba karatasi nyingine nikaanza upya. Kufikia saa tisa na nusu ilikuwa na muhuri na sahihi, na kibali cha miezi sita kimebandikwa juu yake. Nikatembea kwenda nyumbani nikipanga jinsi nitakavyosema. Nilipanga kuanza na kibali, kwa sauti kubwa, ili furaha ifunike mengine.

Nilikuta mabati yamepangwa kwenye ua, moja juu ya jingine, kwa unadhifu. Paa lilikuwa halipo. Kuta tatu zilikuwa chini. Baba na yule fundi cherehani walikuwa wamevua mashati, na mama alikuwa anabeba vitabu vyangu kwa mafungu kutoka kwenye vumbi kuvipeleka barazani, akivipangusa kimoja kimoja kwa kanga yake. Mlango ulikuwa umeegemezwa kwenye jiko, mzima, na bawaba zake.

"Umefika," mama alisema. "Baba yako hakutaka kungoja."

"Kwa nini?"

"Anasema ombi limekataliwa." Alipunguza sauti. "Mtu aliyekataa isale, anasema, huyo hakuna asichoweza kufanya. Akikuta chumba kimesimama atachukua na kiwanja. Bora tubaki na kiwanja."

Kibali kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ukuta mmoja ulikuwa bado umesimama, na mabati yalikuwa mazima, na jua lilikuwa bado juu. Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia, na kila mara nafika pale pale: kuonyesha kibali kulikuwa kuonyesha kwamba hakuna aliyemkataa baba ofisini, na kama hakuna aliyemkataa, jani liliingiaje kapuni? Nilivua koti. Nililitundika kwenye ua, taratibu, nikihakikisha karatasi haianguki. Nikakunja mikono ya shati nikaenda nikashika mwimo wa mlango upande wa pili wa baba.

"Vuta," alisema.

Nilivuta.

"Leo msomi kashika udongo," fundi cherehani alisema. "Kesho tutamfundisha kutia uzi kwenye sindano."

Ukuta wa nne ulikuja kwetu wote kwa pamoja, na vumbi likatupanda mpaka nyusi. Baba alikohoa. Kisha akaniuliza kama nimeumia.

Tangu siku ile nilikuwa nalala kwa fundi cherehani, chini ya meza yake ya kukatia nguo. Asubuhi nilivuka nikiwa na blanketi begani, baba ananisalimu, ananiuliza nimelalaje. Ijumaa ilipita. Alikuwa anakaa uani ananyosha misumari ya bati kwa nyundo ndogo juu ya jiwe, na mimi nilikaa naye nikamsaidia, na koti lilikuwa limetundikwa kwa fundi cherehani.

Jumamosi, siku ya mwisho ya notisi, msaidizi alikuja kufunga faili.

"Hodi. Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

Alisimama pale palipokuwa na chumba. Mama alikuwa amepafagia.

"Kiko wapi?"

"Si mlisema kibomolewe?" baba alisema. "Tumebomoa. Andika."

"Nani alisema? Mzee, kibali kilitoka Alhamisi ile ile. Alikichukua..." Akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika msumari.

Baba naye alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mgeni, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kibali kipo. Kijana alinipa. Nimebomoa kwa sababu mlango ulitazama vibaya. Ulitazama mvua."

"Mlango?"

"Ndiyo. Nitajenga upya, nigeuze."

Msaidizi alitazama mlango ulioegemea jiko, akatazama ardhi iliyofagiwa. Aliandika kwenye daftari lake.

"Ni cha miezi sita, mzee," alisema.

"Inatosha."

Alipoondoka baba alirudi kwenye jiwe lake, akanyosha msumari mmoja hadi mwisho, akauweka ndani ya kopo. Ndipo akasema:

"Kilete."

Nilikwenda nikakileta. Baba alisoma Kiswahili vizuri, kipaimara chake alikipata kwa kusoma, lakini Kiingereza hakukijua. Akanirudishia.

"Soma."

Nilisoma. Nilitafsiri kila neno, sharti la dirisha, namba ya kiwanja, hata maandishi madogo ya chini ambayo mtu hayasomi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kilipigwa muhuri saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Ukafika hapa saa kumi."

"Ndiyo, baba."

"Kikiwa wapi?"

"Kwenye koti."

"Lile ulilotundika kwenye ua."

"Ndiyo."

Mama alikuwa amekuja mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Baba aliokota msumari mwingine, akautazama, hakuupiga.

"Lile jani, ulimwambia ni nini?"

Niliwaza uongo. Niliwaza kwamba ningeweza kusema ofisa alikasirika, kwamba Wazungu hawaelewi. Nilikuwa na vitu vingi vya kusema kuhusu Wazungu, kurasa kumi na moja.

"Nilimwambia ni la kufukuzia inzi."

Mama akatia mkono mdomoni. Ndani ya ua wa jirani cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama, ikaenda tena.

"Akaamini?" baba aliuliza.

"Aliamini."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anatafuta hesabu imekosewa wapi na sasa ameona.

"Basi yeye hakukataa," alisema.

Akanipa kibali mkononi. "Kaa nacho," alisema, akaendelea na misumari yake.

Hakuwahi kunigombeza. Mama alimwambia mara mbili, nikisikia, kwamba mabati yapo na miti ipo, ajenge. Mara ya kwanza alijibu kwamba ana kazi nyingi kwa Mhindi. Mara ya pili aliokota nyundo akarudi kwenye misumari. Likizo iliyobaki nililala kwa fundi cherehani, na watu wa mtaa wakazoea kuniona nikivuka na blanketi. Nilipoondoka baba alinibebea sanduku hadi kituo cha basi na kunitakia safari njema kwa maneno yale yale ya siku zote.

Miezi sita ilikwisha nikiwa chuoni. Jioni ya tarehe ile nilikitoa kibali, nikakisoma, nikakaa kumwandikia baba barua. Nilianza kwa Kimeru, lugha ambayo sikuwahi kuiandikia barua, nikaona maneno ninayoyataka, yale ya baba mbele ya ofisa, sijui yanaandikwaje, nikahamia Kiswahili. Niliandika salamu. Niliandika kwamba mitihani inakaribia na kwamba mvua huku ni nyingi, nikamsalimu mama na fundi cherehani, nikaifunga, nikaituma.